Nimepewa nafasi nne nijenge ghala la data Kisumu. Nianze na nani?

Kijana wa Kondele:

Habari zenu ndugu na dada.

Nafanya kazi katika kampuni inayosambaza bidhaa za madukani: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Stoo kuu iko hapa Kisumu, na ndogo ziko Busia, Bungoma, Kakamega na Kisii. Kwa miaka sita nimekuwa mtunza databesi. Kazi yangu ni bakapu, pasiwadi na kuiamsha seva ikilala. Mwezi uliopita mkurugenzi aliniita akasema kampuni inataka ghala la data, yaani databesi moja kubwa ya kukusanyia rekodi za stoo na idara zote ili ripoti zitoke mahali pamoja, na mimi ndiye wa kuliongoza. Nimepewa nafasi nne za kuajiri.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kikao. Wakuu watatu walileta hesabu tatu za mauzo ya mwezi mmoja. Mhasibu alihesabu ankara, mkuu wa mauzo akahesabu oda, mkuu wa stoo akahesabu mzigo uliotoka getini. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake na hakuna aliyekubali kushuka. Mkurugenzi alifunga faili akatoka bila kusema neno.

Sasa nina barua za maombi kama sitini mezani, nyingi za vijana waliomaliza Maseno na Masinde Muliro. Wanajua kuandika programu vizuri kuliko mimi. Lakini sijawahi kuongoza hata mtu mmoja. Nianze kumwajiri nani? Kazi nizigawe vipi? Na nitafanyaje ili yote tutakayojenga yasiondoke na kijana wa kwanza atakayeitwa Nairobi?

Mkaazi wa Milimani:

Kaka, mchukue kwanza mhandisi mzoefu, hata kama atakula nusu ya bajeti yako. Yeye achore ramani nzima ya ghala, halafu hao vijana wajenge kwa kuifuata. Msingi ukiwa mbovu utabomoa baada ya mwaka. Na usinunue seva ya kuweka ofisini, kodisha ya mtandaoni. Stima ya huku tunaijua sote.

Mama Njoro:

Mwanangu wa Kondele, pole na hongera. Mimi niko upande wa Nakuru. Nimeongoza timu ya data kwa mnunuzi wa maziwa, na timu hiyo niliianza vile vile anavyokushauri Milimani. Nilimwajiri mhandisi mzuri sana, kijana mwenye adabu na akili, na ramani aliichora. Namheshimu mpaka leo. Ila wacha nikueleze kilichotupata.

Maziwa yetu yalitoka kwenye vituo vya kupoza vya Molo, Olenguruone na Subukia. Kituoni karani anapima kwa mizani, anaandika kilo, na mkulima analipwa kwa kilo. Kiwandani tangi linapimwa kwa lita. Majedwali yote mawili yalikuwa na safu iliyoitwa "kiasi". Tulipoyaunganisha kwenye ghala, kila siku maziwa yakawa yanapungua njiani. Kidogo tu, kama tatu kwa mia, lakini kila siku, kila njia, kila gari.

Tulitafuta kosa kwenye programu kwa wiki kadhaa. Kijana wangu aliandika upya sehemu nzima ya kupakia data, akakesha. Upungufu ukabaki pale pale. Nasi tulikuwa tumeshapeleka ripoti juu, na huko juu hawakusoma "kosa la data", walisoma "wizi". Dereva mmoja aliandikiwa barua ya kujieleza. Mzee wa watu, na watoto wawili shuleni.

Aliyetutoa hapo ni karani aliyekuwa amekuja kutoka kituoni kuchukua fomu. Alikuwa amesimama mlangoni na sweta lake, akiitazama skrini yangu. Akaniuliza, "Mama, hizi ni kilo ama lita?" Nikamwambia ni kiasi. Akasema, "Maziwa si maji. Lita moja ya maziwa inazidi kilo moja kwa gramu kama 30. Kilo 10,300 za kwetu, kule kwenye tangi ni lita kama 10,000."

Nilikaa chini. Ni kitu anachokijua kila mtu anayeshika laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, na katika chumba chetu hakuna aliyekuwa amewahi kuishika. Siku hiyo hiyo nilipeleka masahihisho kwa maandishi na barua ya dereva ikafutwa. Nilimwendea mwenyewe kumwomba msamaha.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na nani, jibu langu ni hili: nafasi moja kati ya hizo nne mpe mtu wa stoo. Simaanishi awe mgeni wa kuulizwa maswali siku moja kwa wiki. Mpe ajira. Awe na dawati, mshahara wa wenzake, na sauti kikaoni. Sisi tulimchukua yule karani. Tulimfundisha SQL, lugha ya kuiuliza databesi maswali, na hakukawia kuandika maswali yake mwenyewe, kwa sababu alishajua anatafuta nini. Ndiye aliyetuambia kwamba maziwa ya jioni hupimwa leo na kuandikwa kwenye karatasi ya kesho. Ndiye aliyetuambia kwamba mkulima akifariki, mkewe huendelea kupeleka maziwa kwa namba ile ile ya mwanachama, kwa hiyo namba moja ina watu wawili katika nyakati mbili. Mhandisi wako angeona jina limebadilika tu, akalifuta la zamani, na historia ya miaka ikaandikwa jina la mtu ambaye hakuwepo.

Nafasi nyingine tatu: wahandisi wawili wa kuleta data na kuitunza, na mchambuzi mmoja anayeweza kukaa na mhasibu bila kumwogopa wala kumdharau. Mhandisi mmoja na awe na miaka kazini, hapo nakubaliana na Milimani. Wa pili anaweza kuwa kijana kutoka kwenye zile barua zako. Ukiwahoji, usiwape mafumbo ya programu. Wape karatasi halisi ya kupokelea mzigo, ile yenye doa la mafuta na mstari uliokatwa kwa kalamu, uwaulize wanaona nini. Anayeuliza "nani alikata huu mstari, na kwa nini?" huyo mchukue.

Kuhusu wale wakuu wako watatu: usikubali timu yako iwe hakimu. Hakuna aliyedanganya pale. Oda, ankara na mzigo uliotoka getini ni vitu vitatu, na mmevipa jina moja. Waombe wakae pamoja, kila kimoja kipewe jina lake, na kila jina liwe na mwenyewe, mtu mmoja anayeulizwa likikosewa. Yaandike kwenye daftari moja pamoja na tarehe na sahihi zao. Sisi daftari letu lilikuwa la karatasi, lenye jalada gumu, la dukani. Ndicho kitu nilichokifungia kabatini kila jioni.

Kijana wa Kondele:

Mama, shikamoo. Hayo ya kilo na lita yamenigusa, maana sisi tuna "katoni". Leo nimekwenda kuuliza stoo. Katoni ya sabuni kwa muuzaji mmoja ni vipande 24, kwa mwingine 25, na kwenye databesi yangu zote ni katoni moja. Miaka sita nimezitunza hizo rekodi bila kujua.

Naomba kuuliza tena mawili. Mkurugenzi anataka kuona kitu baada ya miezi mitatu. Nimwonyeshe nini? Na data ya Busia huja usiku, mara nyingine haiji kabisa stima ikikatika. Nani aamke?

Mama Njoro:

Marahaba, mwanangu.

Miezi mitatu inatosha kwa shughuli moja tu. Usiahidi ghala zima. Wakubwa wa fani hii walitofautiana hapa zamani. Bill Inmon alitaka data ya kampuni nzima iunganishwe kwanza mahali pamoja, ndipo kila idara ikatiwe sehemu yake. Ralph Kimball alianza na shughuli moja ya biashara kwa wakati mmoja, mradi orodha za pamoja kama wateja, bidhaa na tarehe ziwe zile zile kila mahali. Wote wawili wana sababu nzito, lakini kwa timu ya watu watano ningeshika njia ya Kimball.

Chukua kufikisha mzigo dukani. Kabla hamjaunda jedwali, semeni kwa sentensi moja mstari mmoja wake unawakilisha nini. Kwa mfano: bidhaa moja, kwenye hati moja ya kupokelea mzigo, katika duka moja. Mkishindwa kuisema kwa sentensi moja, hamjawa tayari kujenga. Na hapo hapo amueni kwamba kila kiasi kitahifadhiwa kwa vipande, na katoni ibaki pembeni kama ilivyoandikwa.

Halafu linganisheni jumla yenu na ya mhasibu, mwezi baada ya mwezi, mpaka kila tofauti iwe na maelezo. Usimwonyeshe mkurugenzi kitu kabla ya hapo, hata akikubana. Namba ya kwanza ikikosewa mbele yake, atarudi kwenye karatasi za wale watatu, na kumtoa huko tena ni kazi ya mwaka.

Usiku wa Busia: mwambie mhandisi wako ajenge upakiaji ambao ukirudiwa mara mbili hauongezi mauzo mara mbili. Faili la jana likija leo saa nne asubuhi, linaingia mahali pake kwa tarehe yake, na lile la nusu lililotangulia linafutika. Hilo likiwepo, hakuna haja ya mtu kuamka saa tisa usiku. Ripoti ya asubuhi iandike juu kabisa, kwa herufi za kuonekana: "Busia haijafika." Mkuu wa mauzo akiona hivyo atasubiri. Akiona namba ndogo bila maelezo, atampigia simu meneja wa Busia na kumfokea bure. Bado namfikiria yule dereva, ndiyo maana nasisitiza.

Na vijana kwenda Nairobi, wataenda. Wawili wangu waliondoka na niliwaandikia barua za kuwasifu, kwa sababu walistahili. Kilichotusaidia ni Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne, mtu mmoja anamkabidhi mwenzake sehemu yake, na mwenzake anaiendesha mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mwenye sehemu akiwa amefunga mdomo. Akikwama, pale alipokwama ndipo pa kuandika maelezo. Wa kwanza alipoaga tulikuwa na siku thelathini, na tulizitumia kumshukuru, si kumhoji.

Fundi wa Lurambi:

Naongeza moja tu kutoka Kakamega. Wateja wenu ni wenye maduka, watu walio na namba za simu na vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ya mtu ikusanywe kwa lengo linalojulikana na isizidi ile inayohitajika kwa lengo hilo. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo amueni sasa ni nani katika timu atakayeshika hilo. Sisi simu na vitambulisho tuliviweka kwenye jedwali la peke yake ambalo watu wawili tu wanalifungua. Wachambuzi wanatumia namba ya mteja tuliyoitunga sisi. Hakuna ripoti hata moja iliyoharibika kwa kukosa namba za simu.

Mkaazi wa Milimani:

Mama Njoro, nimekusoma mara mbili. Bado naamini mhandisi mzoefu aingie mapema, lakini wacha aingie siku moja na mtu wa stoo, na wakae meza moja.

Mama Njoro:

Meza moja, hapo sina neno.

Kijana wa Kondele:

Asanteni sana nyote. Niliongea na mkurugenzi jana jioni. Hakupenda mwanzoni, akauliza kwa nini mpokea mzigo alipwe kama mhandisi. Nikamwonyesha katoni mbili za sabuni, ya 24 na ya 25, nikazifungua mezani kwake tukahesabu pamoja. Akaweka sahihi.

Mama ninayemtaka amepokea mzigo stoo ya Busia kwa miaka kumi na moja. Jumanne napanda matatu ya asubuhi kwenda kumwomba. Nimeshanunua daftari la jalada gumu, nitalibeba.