Pikapu ya umeme kubebea miche ya mikoko Jumamosi: tukubali ama tukatae?

Dereva Mstaafu, Mikindani
Asalaam aleikum jamani. Miye nimeendesha kenta miaka 25, Kongowea hadi Voi na kurudi. Sasa nimepumzika, kazi yangu ni kubeba miche ya kikundi chetu cha kupanda mikoko hapa Tudor Creek, Mombasa. Malipo ni chai na mahamri.

Kwa kawaida twakodi pikapu, 3,500 kwa siku, mafuta juu yetu. Juzi kaja kijana wa yadi moja ya magari na maneno matamu: Jumamosi atatupa pikapu ya umeme bure. Tubebe miche 600 kutoka kitalu cha Junda hadi huku kwetu, na kila mwenye leseni aijaribu kidogo. Ataleta tenti na mpiga picha. Ila ataka tuanze saa tisa alasiri, eti jua likipungua picha hutoka vizuri.

Kinachonitia shaka ni kile kipande cha mwisho cha kushukia ufuoni, tope tupu na maji ya chumvi. Umeme na chumvi vyaelewana? Halafu akina mama wa kikundi washaanza kunung'unika kwamba tumegeuzwa bango la matangazo. Nami, nisiwafiche, huo usukani nautamani hadi naota.

Binti wa Junda
Baba, shikamoo. Kabla ya gari, tazama mwezi. Jumamosi hiyo ni mwezi kumi na tano, mwezi mpevu, yaani bamvua, maji yajaapo na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua maji hapa kwetu hukupwa mwendo wa saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamejaa pomoni. Sasa saa tisa mtapanda wapi, juu ya mitumbwi? Mwambie huyo kijana aje alfajiri ama asije.

Na miche ifunikwe turubai. Wengi huipakia wazi, ikifika Nyali Bridge upepo ushayakausha majani. Mbegu za mkoko zile ndefu hazina shida, zitieni kwenye magunia mabichi tu.

Fundi Stima, Changamwe
Mzee wangu, mvua na dimbwi haziiui gari ya umeme, betri yake imezibwa vizuri. Kuizamisha baharini ndiko kubaya. Kimbunga Ian kilipopiga Florida Septemba 2022, magari ya umeme yaliyozama maji ya chumvi, mengine yalishika moto siku kadhaa baadaye. Kwa hivyo egesha juu, pale ardhi ngumu inapoishia, miche ishuke kwa mikono. Ukimaliza, osha chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo. Hilo hata kenta yako yalitaka.

Jingine ni uzito. Betri ni mzigo. Ford F-150 Lightning ya Marekani huanzia kama tani 2.7 kabla hujapakia hata mche mmoja. Yenu huenda ni ndogo, lakini uliza yaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Mche na tope lake ni karibu kilo, kwa hivyo 600 si mchezo. Na kwenye tope kanyaga kama wakanyaga yai: mota ya umeme hutoa nguvu yote papo hapo, tairi huzunguka na kujichimbia kaburi.

Bima pia. Nani alipa ikikwaruzwa? Taka jibu kwa maandishi.

Sijali Picha
Hao akina mama wana haki. Sikukuu ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, nilikuwa kwenye tope na watu wenye fulana mpya. Tulichomeka mkoko mahali pa mlilana, ndugu yake aotaye ukingoni kabisa mawimbi yapigapo, kwa sababu mbegu za mkoko ni rahisi kuokota. Picha zilipendeza. Nilirudi baada ya miezi mitatu nikakuta vijiti.

Gari likubalini, lakini mpanzi aamue nini kipandwe wapi, na kuendesha kungoje hadi mche wa mwisho uingie ardhini.

Dereva Mstaafu, Mikindani
Narudi na habari. Kijana wa mauzo alikataa alfajiri, nikamwambia basi nakodi yangu. Usiku akapiga simu: sawa, saa kumi na mbili.

Tulipakia 450, ndiyo iliyoruhusiwa pamoja na abiria. Turubai juu. Foleni ya Kibarani tumekwama kati ya malori ya makontena, na miye sisikii injini, nikadhani imezimika; mara mbili nimetafuta ufunguo niitie moto. Mlima wa Changamwe haikuguna. Kenta langu pale lilikuwa likilia kama punda wa Lamu. Kuteremka ufuoni ndiko kulikonistaajabisha: waachia kikanyagio, gari lajikaza lenyewe na kurudisha chaji. Tulitoka na asilimia 96, tukafika na 90.

Ubaya wake ni ukimya. Kichochoroni kwetu watoto na mbuzi hawakusogea, nimepiga honi hadi nikaona haya.

Niliegesha juu kama alivyosema Fundi. Mchu, ndugu mwingine wa mkoko, tukauweka upande wa juu, mkoko katikati, ukingoni hatukugusa. Yule kijana alikuja na viatu vya ngozi. Mama mmoja akampa miche miwili, akamwambia, "Mwanangu, picha iko kule chini." Akavua viatu akashuka, na kusema kweli alipanda vizuri kuliko mpwa wangu.

Saa tano na nusu maji yalianza kutuguza vifundo, tukatoka. Kuendesha kukawa baadaye, watu tisa, hadi kituo cha mafuta na kurudi. Bei niliuliza. Tangu hapo nimenyamaza.

Mwezi ujao, bamvua nyingine, twarudi kuhesabu iliyoshika. Kwa pikapu ya kukodi.