Naomba ushauri: gambusi la marehemu babu

Assalaam aleikum ndugu zangu, hasa wapenzi wa taarab za zamani. Niko Lamu, Langoni. Tumerithi gambusi, ala ya muziki ya nyuzi, alilokuwa akilipiga babu harusini. Limechongwa kwa gogo moja, tumbo hadi shingo, si kama ile ala ya udi ya vipande vilivyounganishwa kwa gundi, na usoni limewambwa ngozi. Ngozi hiyo imepasuka, na kigingi kimoja cha kukazia nyuzi hakipo.

Mama anasema lilikuja na jahazi kutoka Yemen. Mjomba anashikilia kwamba lilichongwa hapahapa. Nimewauliza wazee, hawakubaliani. Nimemulika ndani kwa tochi, hakuna maandishi wala alama. Fundi mmoja wa Mombasa alitaka kubandua ngozi apigilie ubao mwembamba. Nikakataa, maana sauti anayoikumbuka mama ingepotea kabisa.

Je, aina ya mti au uchongaji wa kichwa unaweza kutofautisha la Lamu na la Yemen? Na ngozi hiyo yaweza kuzibwa bila kuwambwa upya? Anayemjua fundi anayewamba bado, tafadhali anielekeze. Mama ni mtu mzima sasa, na anatamani sana kulisikia tena.