Wakuu, friji jipya au safari? Naombeni ushauri

Kiberiti: Habari zenu wakuu. Nina akiba kidogo, inatosha jambo moja tu. Friji letu limechoka, mlango tunaufunga kwa mpira wa baiskeli, usiku linanguruma kama linataka kuhama. Ila nimepata nafasi ya safari ya siku sita, kupanda mlima. Nimesoma kwamba kitu unakizoea haraka, lakini safari unaisimulia mpaka uzeeni. Nifanyeje? Matusi hapana.

MsomajiKimya: Ni kweli mkuu. Mwaka 2003 wanasaikolojia Leaf Van Boven na Thomas Gilovich walichapisha utafiti Marekani. Wengi walisema pesa waliyotumia kufanya jambo iliwapa furaha kuliko ile waliyonunulia kitu. Kitu jirani akileta kikubwa zaidi, chako kinapoa hapohapo. Nenda.

FundiBaridi: Kabla ya yote, bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kugoma, mpira wa mlango umekufa. Wakati mwingine ukiuvua ukauloweka maji ya moto unarudi. Nani kasema ununue friji?

MamaWawili: Mimi niliwahi kwenda kabla sijaolewa. Mvua siku zote tatu, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye tope, rafiki yangu akanifunga mguu kwa kanga yake nikarudi hivyohivyo. Mpaka leo tukikutana tunaanza na kile kiatu. Hereni nilizonunua mwaka uleule hata sijui ziko wapi. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Nyundo: Umesema friji "letu". Wewe na nani?

Kiberiti: Mke wangu. Bado sijamwambia, nataka iwe sapraizi.

Nyundo: Sapraizi yake au yako? Mnaenda wangapi?

Kiberiti: Naenda na jamaa niliosoma nao. Yeye hapendi baridi. Na kabla hamjanirukia: akiba tumeweka wote, ila mimi ndiye niliyeweka zaidi. Nimelipia juzi, na hela hairudishwi. Kwani friji jipya ndiyo litatufanya tupendane?

Nyundo: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta mashahidi.

MzeeBakora: Mwanangu, pesa mliyochanga wawili haina mkubwa. Mimi nilinunua redio kubwa kwa siri, mama watoto hakuisikiliza hata siku moja. Ikiwashwa, anatoka nje. Niliiuza mwenyewe.

MsomajiKimya: Naifuta ile "nenda" yangu. Kuna utafiti mwingine wa 2018 ulioonyesha kwamba faida hiyo iko zaidi kwa wenye nazo. Kwa wenye kipato kidogo, kitu hakikushindwa na safari. Na friji lisilofunga siyo anasa, ni kero ya kila siku.

Chokochoko: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo "nimepata nafasi", sasa "nimelipia juzi". Mwezi uliopita kuna mtu alileta stori hiihii, kwake ilikuwa mashine ya kufulia.

MamaWawili: Eh! Na yule naye alikuwa na jamaa aliosoma nao. Mmenifanya nianike kiatu changu bure.

Kiberiti: Nitunge ili iweje? Ule mpira ni mweusi, una kiraka. Mke wangu anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake limegeuka, na mimi kila nikitaka maji nahangaika nalo kama mwizi. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anaufunga, nausikia unavyolia.

FundiBaridi: Karatasi umejaribu?

Kiberiti: Nimejaribu. Imeanguka yenyewe hata sijaivuta.

Chokochoko: Mtunzi hodari huyu, nakubali.

Mpitanjia: Mkuu, kompresa ikiwa nzima mimi nalitaka hilo friji.

Kiberiti: Nzima kabisa. Njoo faragha tuongee bei.

Nyundo: Na hili mkeo anajua?