Binti yangu wa miaka 11 anaumwa visigino, na mwalimu anataka aongezewe mazoezi ya dansi. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wazazi, walimu na yeyote aliyewahi kujifunza dansi akiwa mtoto, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi kwa majuma mawili na sina mtu wa karibu aliyewahi kulipitia.

Binti yangu ana miaka 11 na miezi 4. Alianza akiwa na miaka 6 katika darasa la watoto wadogo, ambamo walikuwa wakirukaruka na kuiga wanyama kwa muziki, kisha akaingia kwenye baleti, na tangu mwaka jana ameongeza dansi ya kisasa. Kwa sasa anakwenda siku 3 kwa wiki, jumla ya saa 5. Hajawahi kuhitaji kusukumwa. Mimi ndiye humwomba aache kuzunguka sebuleni ili ale.

Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita na kunieleza kwamba mtoto ana kipaji, na kwamba angependa kumhamishia katika kundi la mashindano, ambako atafanya mazoezi siku 6 kwa wiki, jumla ya saa 14, na kuanza viatu vya ncha, yaani vile vya kusimamia ncha za vidole, muhula ujao pamoja na wenzake wote wa kundi hilo. Nilifurahi sana siku hiyo. Tatizo ni kwamba kwa miezi miwili sasa binti anaumwa visigino vyote viwili, hasa baada ya darasa lenye kuruka sana, na asubuhi huchechemea anapotoka kitandani. Vilevile amerefuka ghafla, kiasi kwamba nimembadilishia viatu mara mbili ndani ya miezi 6. Nilipomweleza mwalimu, alijibu kuwa hayo ni maumivu ya kawaida ya mchezaji na kwamba anayetaka kufika mbali hujifunza kuyavumilia. Siku nyingine nilimkuta akimkandamiza mabega binti yangu ili msamba ufike chini, huku mtoto akilengwalengwa na machozi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba tulipofika nyumbani binti alinisihi nisimtajie tena mwalimu habari za visigino, kwa kuhofia kuachwa nje ya kundi. Je, nikubali, nikatae, au kuna njia nyingine?

Mfiziotherapia

Pole, mama. Siwezi kumpima mtoto kwa maandishi, hivyo hatua ya kwanza ni kumpeleka kwa daktari au mtaalamu wa viungo mwenye uzoefu na watoto. Hata hivyo, picha uliyoichora inafanana sana na hali inayoitwa ugonjwa wa Sever, ambayo huwapata watoto wachangamfu wenye umri wa kati ya miaka 8 na 14 hivi. Nyuma ya mfupa wa kisigino pana sehemu ya gegedu ambapo mfupa bado unakua, na hapo ndipo kano nene ya kisigino ilipojishika. Mtoto anaporefuka haraka, mifupa hutangulia na misuli ya shavu la mguu hubaki nyuma ikiwa imekaza, kwa hiyo kila anaporuka kano huivuta sehemu hiyo laini, nayo huvimba kwa ndani na kuuma. Ukiminya kisigino chake kwa upole kutoka pande zote mbili kwa vidole vyako, huenda akasema kwamba hapo ndipo panapouma.

Hali hii kwa kawaida huisha kabisa sehemu hiyo inapokomaa na kuwa mfupa, na haimzuii mtoto kucheza maishani. Lakini haitulii kwa kuvumilia. Hutulia kwa kupunguza miruko na mbio kwa muda, kuimarisha misuli ya shavu la mguu kwa utaratibu, kuweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa baada ya mazoezi, na kuvaa viatu vyenye kisigino laini nje ya darasa. Hali inayofanana nayo hutokea chini ya goti, nayo huitwa Osgood-Schlatter, kwa hiyo akianza kulalamikia goti usishangae. Usisubiri miadi ya kawaida iwapo maumivu yatamwamsha usiku, kisigino kitakuwa chekundu na cha moto, atapata homa, au atashindwa kabisa kukanyaga.

Kuhusu saa 14, kipimo rahisi ambacho wengi wetu tunaowatibu vijana wanamichezo hukitumia ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka, na kuwe na angalau siku moja kamili ya kupumzika. Ninachokiogopa zaidi ni kule kuruka kutoka saa 5 hadi 14 kwa mara moja, tena katika kipindi cha kurefuka. Hata mtoto asiyeumwa popote nisingemruhusu.

Mwalimu mstaafu wa baleti

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na naomba nizungumzie viatu vya ncha, kwa kuwa ndipo ninapoona hatari iliyo wazi.

Mtoto hapandishwi kwenye ncha kwa sababu wenzake wanapanda. Hupandishwa yeye kama yeye, baada ya kuchunguzwa nyayo, vifundo vya miguu, magoti, nyonga na tumbo. Walimu wengi waangalifu hawaanzi kabla ya miaka 12 hivi, lakini umri peke yake hautoshi, maana nimekuwa na wanafunzi wa miaka 14 ambao niliwaambia bado. Mimi nilikuwa nikimtaka mtoto ainuke juu ya vidole kwa mguu mmoja mara 20, goti likiwa limenyooka na kifundo kisiyumbe, kisha abadilishe mguu. Nilikuwa nikiangalia pia kama miguu yake inapogeuzwa nje inageukia kwenye nyonga, kwa sababu mtoto anayelazimisha nyayo zigeuke huku nyonga zimebaki mahali pake huyapindisha magoti na kuangusha matao ya nyayo, na akipanda kwenye ncha kosa hilo huzidi. Mtoto ambaye visigino vinamuuma hawezi hata kufanyiwa kipimo hicho kwa haki.

Siku yake itakapofika, kiatu kipimwe mguuni kwake na mtu anayeijua kazi hiyo. Kamwe usinunue kikubwa ili akue nacho, kama tunavyofanya kwa viatu vya shule. Mguu ukiteleza ndani, uzito wote huishia kwenye kidole gumba.

Na suala la kukandamizwa mabega kwenye msamba silikubali hata kidogo. Msamba hujengwa kwa miezi, mwili ukiwa umeshapashwa moto, na mtoto mwenyewe ndiye anayeamua ashuke hadi wapi. Mtu mzima akiongeza uzito wake juu ya mtoto, misuli ya paja inaweza kuchanika pale inapojishika kwenye nyonga, na katika umri huo inaweza hata kubandua kipande cha mfupa. Mwambie mwalimu kwa heshima, lakini bila kuzungukazunguka, kwamba jambo hilo lisirudiwe.

Baba wa kijana mchezaji

Naheshimu waliotangulia, lakini naomba tusimtishe mama huyu. Dansi ni ngumu, na miaka hii hairudi. Chuo cha baleti cha Vaganova kule Urusi huchukua watoto wakiwa na miaka 10 hivi, na kuanzia hapo hufunzwa kila siku. Kijana wangu ana miaka 14 na anafanya saa 12 kwa wiki za dansi ya mitaani, na nidhamu aliyoipata huko sijaiona mahali pengine. Mtoto mwenye kipaji akirudishwa nyuma leo, kesho atawakuta wenzake wameshakwenda. Mimi ningemtibu haraka na kumwacha aendelee.

Niliyeacha nikiwa na miaka 16

Baba, naelewa unachokisema, kwa sababu baba yangu alikuwa akiyasema hayohayo kwa upendo. Lakini shule kama hiyo uliyoitaja humpima mtoto mwili mzima kabla ya kumpokea, humpandisha hatua kwa hatua kwa miaka mingi, na hupanga masomo na matibabu yake pamoja na dansi. Kumwongezea mtoto saa 9 kwa wiki katika darasa la jioni, baada ya siku nzima ya shule, ni jambo jingine kabisa. Na kama hofu ni kuchelewa, Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mwamerika Mweusi kufikia daraja la mchezaji mkuu katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani.

Mama, naomba niseme nawe kuhusu lile ombi la binti yako, maana mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilianza kuficha maumivu nikiwa na miaka 12. Nilijua kutembea bila kuchechemea mbele ya mama na kuchechemea nikiwa peke yangu. Nilipofika 14, mwalimu alianza kutoa maoni kuhusu umbo langu, nami nikapunguza chakula kimyakimya, na hedhi iliyokuwa imeanza vizuri ikakatika kwa miezi 5. Nyumbani tulidhani ni uchovu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hiyo ya mwili kukosa nishati ya kutosha kwa mazoezi unayofanya, ikieleza kwamba hudhoofisha mifupa, homoni, moyo na akili, lakini mimi niliyasoma hayo nikiwa nimeshapata ufa katika mfupa wa muundi. Niliacha kwa sababu hiyo, si kwa kukosa mapenzi.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote kuhusu kundi, mhakikishie kwamba kusema "naumwa" hakutamnyang'anya dansi. Akiamini kwamba ukweli humgharimu kile anachokipenda, atakuficha, na hutajua.

Mzazi wa watatu

Swali fupi: wanaruka juu ya sakafu ya aina gani? Studio ya awali ya wanangu ilikuwa na vigae juu ya zege, na watoto watatu wa darasa moja walikuwa wanaumwa miundi. Sakafu ya dansi inapaswa kuwa ya mbao iliyoinuliwa ili inepe kidogo mtoto anapotua.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote, nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. Sakafu nimeichunguza jana: chumba kikubwa kina mbao zinazonepa, lakini kundi la mashindano hufanyia mazoezi katika chumba cha nyuma, ambacho kina zulia jembamba la plastiki juu ya saruji. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Dada uliyeacha ukiwa na miaka 16, nilipomwambia binti maneno uliyonishauri alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba goti la kushoto nalo linamuuma tangu wiki 3 zilizopita.

Nimepata miadi ya mtaalamu wa viungo. Nitakwenda kwa mwalimu baada ya hapo. Nimwambie nini bila kuharibu uhusiano? Binti anampenda mno.

Mwalimu mstaafu wa baleti

Nenda na karatasi ya mtaalamu, na umwombe muda usio wa darasa. Usianze na malalamiko. Muulize atampangia nini mtoto kwa wiki 8 zijazo bila miruko, maana mwalimu anayeijua kazi yake ana mengi ya kumpa: mazoezi ya kushika chuma cha ukutani, mikono, muziki, kukariri mpangilio kwa kuupitia taratibu bila kuruka, hata kukaa pembeni na kuandika makosa anayoyaona kwa wengine. Majibu yake yatakueleza mengi. Akikwambia kwamba asiyeruka asije darasani, tafuta mwalimu mwingine.

Baba wa kijana mchezaji

Hilo la goti limenigusa. Nimemuuliza wangu jana usiku kama kuna mahali panapomuuma, akacheka, kisha akanionyesha kifundo. Kesho tunakwenda kupimwa.

Mwanzisha uzi

Narudi baada ya majuma 4, kama nilivyoahidi baadhi yenu.

Mtaalamu alithibitisha kuwa visigino ni ugonjwa wa Sever, na goti liko katika hatua za mwanzo za ile hali ya pili. Amezuia miruko kwa wiki 6 na kutupa mazoezi ya mashavu ya miguu na mapaja, ambayo tunayafanya pamoja kila jioni. Mwalimu alinisikiliza. Suala la mabega alilipokea kwa ugumu mwanzoni, ila amekubali kwamba hatamgusa mtoto wakati wa kunyoosha misuli bila ruhusa yake. Viatu vya ncha vimeahirishwa, na safari hii amesema atampima kila mtoto wa kundi peke yake. Kuhusu kundi lenyewe alikuwa mkweli: nafasi haiwezi kushikiliwa, na mtu mwingine ameipata. Binti alilia siku mbili, nami nililia naye, kwa sababu nilijua alivyoitaka.

Ameendelea na siku zake 3 katika chumba chenye sakafu ya mbao. Wakati wenzake wanaruka yeye hukaa kando na daftari, na juzi mwalimu alimwomba asome mbele ya darasa alichokiandika. Asubuhi hachechemei tena. Zoezi la kuinuka kwa mguu mmoja tulilianza wiki iliyopita kwa idhini ya mtaalamu: kulia anafika mara 9, kushoto mara 6, na ameibandika namba 20 kwa maandishi makubwa kwenye mlango wa chumba chake.