Tupeane uzoefu: boti, basi na pembea baada ya kukatwa tumbo

BintiMkomani

Assalaam aleikum wenzangu. Leo tupeane uzoefu bila kuoneana haya.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani, na bahari kwangu ni barabara. Mashua, jahazi, boti za Mokowe, vyote nimepanda tangu sijui kusoma, na sijawahi kulewa bahari hata siku moja. Na kilo zangu 127 nilikuwa nakaa omo kabisa, mbele ya chombo, maji yananirukia, nakula mahamri na mbaazi huku wenzangu wameinamia ubavuni.

Mwaka jana nikafanyiwa slivu Nairobi. Kwa asiyejua, ni operesheni ya kupunguza uzito: wanaondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo, kinachobaki ni kitu chembamba kirefu kama ndizi. Sasa nina miezi 8, kilo 41 zimekwenda, alhamdulillahi. Magoti yamenyamaza.

Juzi kulikuwa na harusi Faza, kisiwa cha Pate. Tukangoja maji yajae ndipo tupite mlango wa bahari wa Mkanda, na mle katikati ya mikoko kulikuwa shwari, hata kikombe cha chai hakimwagiki. Tulipotokeza ghubani tukakutana na upepo wa kusi. Boti ikaanza kudundadunda. Mdomo ukanijaa mate, jasho la baridi likanitoka, nikatapika. Lakini si matapiko ninayoyajua: povu jeupe, jepesi kama la sabuni, kidogo kidogo, na kila likitoka naumia hapa chini ya kifua. Wifi yangu kanifunika leso, ananinong'oneza, "Una mimba wewe, unatuficha." Sina mimba! Nimefika Faza nimelegea kama kitambaa kibichi, nikalazwa kitanda kilichotandikwa kwa bibi harusi. Mpaka leo nasimangwa.

Kuna mwingine yalimpata haya? Na pembea je? Niliwaahidi wanangu kwamba nikipungua nitapanda nao Idi, na Idi inakuja.

Nahodha_Shela

Waaleikum salaam dada. Pole. Mimi ni wa baipasi, ile operesheni nyingine ya kupunguza uzito, mwaka wa tatu huu, nilikwenda kufanyiwa India. Kazi yangu ni boti, kwa hivyo nilidhani kazi imeniponyoka.

Nikupe kisa. Asubuhi moja abiria kaja na halua, bado ya moto, samli inang'aa juu. Na Lamu ukikataa halua utaulizwa kama unaumwa. Nikala vipande viwili, nikateremshia kahawa, tukang'oa nanga. Hata nusu ya njia ya Manda hatujafika, moyo unanidunda, natota jasho, tumbo lanisokota, kichwa chazunguka. Nikampa mwanangu usukani nikalala chini kwenye mbao. Na bahari siku hiyo, wallahi, ilikuwa kama sinia.

Kumbe si bahari, ni sukari. Daktari alinieleza hivi: sisi wa baipasi tumeachiwa kifuko kidogo, karibu mililita 30, chakula hakikai, chateremka mbio utumboni. Kikiwa kitamu sana, utumbo wavuta maji mengi kwa ghafla, ndipo mambo yanapochafuka. Wenyewe wanaiita dampingi. Hiyo huja dakika 10 mpaka 30 baada ya kula. Ipo nyingine ya baada ya saa moja mpaka tatu, sukari mwilini inashuka, unatetemeka na njaa ya ajabu. Watu wa slivu pia huwapata, ingawa si kama sisi.

Sasa niambie, kabla ya kupanda boti ulitia nini tumboni?

BintiMkomani

Loo! Nahodha umenishika. Juisi ya ukwaju, glasi nzima, pale gatini. Jua lilikuwa kali na boti inataka kuondoka, nikaimaliza kwa mpigo mmoja.

Nahodha_Shela

Haya basi. Ukwaju una sukari yake, na glasi nzima kwa mpigo kwa tumbo letu ni mafuriko hata kama umelala kitandani. Ile boti imekumalizia tu.

La pili, omo usikae tena. Omo ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Tezini, nyuma, nako utavuta moshi wa petroli, na kwa mtu mwenye kigegezi harufu ile ni sumu. Kaa katikati, chini. Simu weka mkobani. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa akiwaambia abiria "mato kwenye nti", na mpaka leo sijaona dawa iliyoishinda: tafuta mstari wa nchi kavu, mikoko, mnara, chochote kisichocheza, ukiangalie hicho hicho.

MamaWatatu

Mimi nipo Mombasa lakini mamangu ni wa Langoni, Lamu, kwa hivyo mnihesabu. Nije na la pembea.

Idi moja, kabla ya operesheni, nilikwenda uwanja wa Makadara na wanangu. Nilikuwa kilo 140. Nimepanga foleni, nimelipa, nimekaa, yule kijana anashusha chuma cha kiti, hakifungi. Kaegemea kwa uzito wake wote, hakifungi. Akasema kwa sauti, "Mama shuka, utauwa watu." Foleni nzima ikacheka. Mwanangu wa pili hakucheka, akateremka na yeye akanishika mkono. Hiyo picha ndiyo iliyonipeleka kwa daktari, si presha wala sukari.

Miezi 14 baada ya slivu nikarudi. Daktari alikuwa ameshaniruhusu, nilimuuliza kabisa kuhusu pembea, akacheka lakini akanijibu. Kijana mwingine, chuma kile kile. Kikashuka, tak! Nikalia machozi pale pale hata pembea haijaanza, kijana akadhani naogopa.

Sasa tuje kwenye tumbo. Kile kimeli kinachobembea mbele na nyuma nilikipanda mara mbili, sikuona kitu. Nikajiona shujaa, nikaingia kwenye vikombe vinavyozunguka. Dada yangu! Mzunguko wa tatu nikaona kiwanja chote kinanifuata. Nikatapika hilo hilo povu lako, ndani ya buibui langu mwenyewe. Kwa hivyo mimi kubembea sawa, kuzunguka hapana. Wewe huenda ukawa kinyume, jaribu kidogo kidogo.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: ngozi iliyolegea. Mkanda wa pembea ulinibana mkunjo wa tumbo, nikarudi nyumbani nimechubuka. Vaa kitu cha kubana ndani.

MpitaNjia07

Mungu kakupa tumbo zima mnalipeleka kukatwa, halafu mnalalamika kutapika.

MamaWatatu

Na miwani hiyo unayosomea ulizaliwa nayo?

AbiriaWaBasi

Mimi niwe tofauti. Nilikuwa natapika kwenye basi la Lamu–Mombasa kabla ya slivu, na natapika baada ya slivu. Tofauti ni kwamba zamani nilitapika pilau, sasa natapika mate. Msiisingizie operesheni kila kitu, wengine ndivyo tulivyoumbwa.

Ninachofanya: nakaa viti vya mbele nione barabara, sisomi chochote, nina ndimu ya kunusa na kipande cha tangawizi ninachomung'unya. Na nabeba kopo lenye kifuniko. Tangu 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kutapika kwa heshima kumekuwa mtihani. Ya karatasi nimejaribu. Sitaki kuzungumzia.

Muuguzi_Mpeketoni

Nimewasoma wote. Niongeze kidogo, mimi ni muuguzi.

Kulewa safari hakuanzii tumboni. Kunaanzia sikio la ndani, lile linalopima mwendo. Sikio linasema tunayumba, macho yamekaa kwenye simu au sakafu ya boti yanasema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa. Ndiyo maana "mato kwenye nti" ya nahodha ni sahihi kabisa. Operesheni haigusi sikio. Ila mtu aliyekatwa tumbo mara nyingi amekunywa maji kidogo, amekula kidogo, presha yake imeshuka pamoja na kilo, akisimama ghafla anaona kiza. Ukimpakia huyo kwenye boti wakati wa kusi, hahitaji wimbi kubwa.

Dawa kama sinarizini humezwa kabla ya safari, siyo ukishaanza kutapika. Inaleta usingizi. Mwambie muuza dawa kwamba umekatwa tumbo, kwa sababu vidonge vile vinavyoyeyuka polepole kwa saa nyingi huenda visikufae, hasa wa baipasi. Na kichwa kikiuma baada ya safari msikimbilie ibuprofeni, inaweza kuwatia vidonda pale palipoungwa. Parasetamoli yatosha.

Hili lisomeni mara mbili. Kutapika safarini kukaisha ukishuka, sawa. Lakini ukishuka na bado unatapika siku ya pili, maji hayakai, au umetapika damu, au tumbo linauma kwa nguvu, nenda hospitali na uwaambie mapema kwamba ulifanyiwa operesheni ya tumbo. Mtu wetu akitapika siku nyingi huishiwa vitamini B1 haraka. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea au kusahau sahau, hiyo ni dharura, msimwambie alale apumzike. Na ambaye ana wiki chache tu tangu operesheni, pembea na boti za kudunda zisubiri mpaka daktari wake aseme.

BintiMkomani

Muuguzi, Allah akuzidishie. Sikujua hilo la B1, na vidonge vyangu vya vitamini nilikuwa nimeviacha tangu mwezi wa tano.

Nirudishe ripoti. Jana nilivuka tena kwenda Faza kumwona bibi harusi, na kumwomba radhi kwa kitanda. Asubuhi nilikula yai moja la kuchemsha, polepole, nikangoja nusu saa ndipo nikaanza kunywa maji, funda moja moja. Ukwaju niliuona pale gatini, nikageuza uso. Nikakaa katikati. Kijana wa boti akanivalisha lile jaketi la kuokolea, lile lililokuwa halinifungi hata nikivuta pumzi, akavuta mkanda mpaka mwisho na bado ukabaki unaning'inia shubiri nzima. Akaufunga fundo.

Tulipotoka Mkanda mate yakanijaa tena. Nikakazia macho mikoko ya Manda nyuma yetu mpaka ikawa uzi mwembamba. Sikutapika. Wifi alikuwa kanitazama njia nzima na leso mkononi, tayari.

Idi nitapanda kile kimeli. Vikombe baba yao ataingia nao.