Baba mkwe analia usiku, naweza kumshika mkono?

Habari zenu. Nimeolewa Vihiga, bwanangu anafanya kazi Nakuru anakuja mwisho wa mwezi. Babake alipata kiharusi, upande wa kulia wote umepooza na maneno hayatoki ingawa anaelewa kila kitu. Kumlisha namlisha, kuosha kuna kijana tunalipa. Shida ni usiku. Analia, na mimi nasimama mlangoni namwombea kwa mbali kama askari wa benki, juu kwetu huku mke wa kijana hamgusi baba mkwe hata kwa salamu. Mama mmoja wa kanisa ameniambia nimshike mkono, hata nimkumbatie, ati huruma ya Kikristo si ya mdomo tu. Wifi yangu kusikia hivyo akawaka, nitaleta mkosi kwa boma. Nimeokoka, lakini pia sitaki kumwaibisha mzee. Mnasemaje?

Nyar_Kondele: Dada mshike! Soma Marko 1, mwenye ukoma alikuwa haguswi na mtu na Yesu akanyosha mkono akamgusa kwanza, uponyaji ukafuata. Na hapo juu kidogo alimshika mkono mama mkwe wa Simoni akamwinua kitandani.

Omwana_wa_Luanda: 😂 Mama mkwe wa SIMONI, si wake. Soma tena, Simoni mwenyewe hatuambiwi alimshika.

Nyar_Kondele: Wewe nawe.

Omwana_wa_Luanda: Sicheki mila, nasema tafuta mtu ambaye si mkwe. Kwani hakuna wajukuu hapo? Mjukuu na babu hawana mpaka, atamlalia hata kifuani na hakuna mtu ataongea.

Nasi_wa_Ksm: Hao wagonjwa hulia sana, mara ni uchungu wa bega, mara ni huzuni tu, na zote zinatibika, mwambieni daktari. Yeyote atakayemshika ashike mkono wa kushoto, najua huku kushoto si kwa salamu lakini ndio uko na nguvu. Huo wa kulia msiuvute kamwe mkimwinua, bega linatoka. Na kabla ya yote MUULIZENI. Anaelewa, si umesema? Akubali kwa kupepesa macho. Mnabishana juu ya mwili wake na yeye yuko hapo anasikia.

Mzee_Mstaafu: Nasi ameongea. Mimi ni baba mkwe, mke wa kijana wangu akinikumbatia bila kuniuliza ningeumwa zaidi, hata kama ni kwa upendo wa Yesu. Ila akiniuliza mbele ya ndugu yangu, labda ningekubali mkono. Na huyo bwanako pesa anatuma, sawa, lakini mwanaume anayeweza kumshika babake bila kesi yoyote ni yeye.

Mwenye uzi: Hiyo ya bwanangu imeniingia. Nitamwuliza mzee kesho baba mdogo wa bwanangu akiwa hapa, na usiku huu nahamishia godoro ya mtoto wetu, mjukuu wake, huko kwake.

Nyar_Kondele: Na wifi naye aje alale hapo wiki moja ndio aongee.