Nimelipwa kwa DX7, nimepiga Dexed: ni dhulma au la?

Fundi wa Chumbageni
Wakuu, naomba mnihukumu bila kunionea haya.

Nina studio ndogo hapa Tanga. Mwezi uliopita kilikuja kikundi cha taarab kurekodi nyimbo nne. Kiongozi wao ni mama mtu mzima, anajua anachotaka. Akasema kinanda kilie kama kwenye kaseti zake za zamani: ile kengele inayometameta juu, na chini besi kavu kama mtu anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Nikamwambia, "Hiyo ni DX7, mama. Ipo." (DX7 ni sinthesaiza ya Yamaha, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme.) Nikapiga siku mbili, akaridhika, akalipa.

Siku ya kuchukua kazi, mjukuu wake akachungulia kwenye skrini, akauliza DX7 yenyewe iko wapi. Nikamwonyesha Dexed, programu ya kompyuta inayoiga DX7. Akauliza bei yake. Nikasema ya bure. Wakatoka nje wakanong'ona, kisha mama akarudi: "Mwanangu, nimelipia kinanda, umenipa picha ya kinanda." Anataka sehemu ya hela yake.

Sasa, DX7 ninayo kweli, ya mtumba. Betri ya ndani imekufa, kwa hiyo sauti zote zimefutika, na vitufe vitatu vya katikati havilii. Ina miaka miwili juu ya kabati, nimeifunika kanga.

Nilimdanganya? Na tukiacha kesi yangu: ni haki kula pesa kwa kazi iliyopigwa kwa programu ya bure inayoiga mashine ya watu?

Mtoto wa Manzese
Usirudishe hata mia. Alisikia, akapenda, akalipa, biashara imekwisha. Hiyo besi ya 808, mashine ya ngoma ya Roland, tunayoipiga wote, nani humu amewahi hata kuigusa mashine yenyewe? Roland waliitengeneza 1980 hadi 1983, zikatoka kama 12,000 dunia nzima. Kama tungesubiri orijino ifike uswahilini tungekuwa bado tunasubiri. Mimi napiga singeli kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka, midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa mwendo huo hata ukinipa sinthesaiza ya dhahabu hakuna atakayejua.

Nahodha wa Nyali
Sikiza, ndugu yangu Fundi. Mama ana uchungu wake, lakini hilo neno "picha" limempiga asiyehusika. Ungekuwa umemwahidi Minimoog, sinthesaiza ya 1970, ningesimama upande wake. Ile ni saketi tupu, umeme wenyewe ndio unaotetemeka. Ikipata joto sauti inahama kidogo, na hakuna mbili zinazolia sawasawa. Programu ya kuiga kitu kama hicho inabidi ikisie tabia ya kila kipande, ndiyo maana nyingine zinaifanya kompyuta ihemeke.

DX7 si ndugu ya hiyo. DX7 ni kompyuta iliyovishwa vitufe vya piano. Kila noti ina opereta sita, na opereta ni wimbi jepesi tu, halina ladha, kama mluzi. Lakini wimbi moja likilitikisa jingine kwa kasi, sauti inachanua: inakuwa kengele, inakuwa tarumbeta, inakuwa hiyo besi ya kugonga meza. Namna za kuyapanga mawimbi hayo ziko 32, na noti 16 zinaweza kulia kwa pamoja. Yote ni namba, na Dexed inapiga hesabu hizohizo. Chukua faili la sauti 32 lililotolewa kwenye DX7 miaka ya themanini, baiti 4,104 tu, Dexed italisoma kama lilivyo. Huwezi kufanya hivyo kwa picha.

Na mwenye wazo alilipwa. John Chowning aliigundua mbinu hii ya wimbi kutikisa wimbi, inaitwa FM, katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Chuo kikawapa Yamaha leseni, hataza ikatoka 1977, DX7 ikaingia sokoni 1983 kwa bei chini kidogo ya dola 2,000. Stanford walivuna zaidi ya dola milioni 20. Katikati ya miaka ya tisini hataza ikaisha muda wake. Ndiyo mapatano ya hataza: unalindwa kwa miaka kadhaa ili ukubali kuieleza siri yako hadharani, na muda ukiisha siri ni ya kila mtu. Dexed ni programu huria, chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuigawa. Wimbo ukiupiga nayo ukauuza, humdai wala hudaiwi.

Kwa hiyo aliyeibiwa hapa ni nani? Mimi simuoni.

Babu Kaseti
Hesabu ileile, Nahodha, lakini mlango wa kutokea si uleule. DX7 ya kwanza inatoa sauti kupitia kigeuzi cha biti 12, kile kinachogeuza namba kuwa sauti. Noti ikianza kufifia unasikia ukwaru, kama mchanga mwembamba kwenye sufuria. Mama wa Tanga hajui biti ni nini, ila mchanga huo ameusikia maisha yake yote. Dexed ina chaguo linaitwa Mark I, limetengenezwa makusudi kuikaribia mashine ya kwanza. Fundi, uliliwasha?

Fundi wa Chumbageni
Sikuliwasha, mzee. Niliacha ile safi.

Babu Kaseti
Basi rudisha hela.

Mtoto wa Manzese
😂😂 Babu hana masihara.

Bi Mkunazini
Wanangu, na mimi nitie neno. Taarab nimekaa nayo tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Zamani ukipanda jukwaani ulikuta watu: ganuni, udi, fidla zimepangana, nai, akodiani, selo. Kikaja kinanda cha umeme. Kikasema fidla ni mimi, nai ni mimi, hata ngoma ni mimi. Wapiga fidla wakakaa barazani kwao. Kwenye taarab ya kisasa mnaposema "kinanda cha zamani" mnakililia kiigizo, na walioigizwa wengine wamekwisha kufa. Kwa hapo huyo mama asijitie hajui.

Lakini wewe Fundi, ulisema "ipo" hali unajua iko juu ya kabati, chini ya kanga. Hizo habari za Stanford hazikuoshi ulimi. Ungesema "sauti yake ninayo", leo tusingekuwa na shauri.

Mtoto wa Manzese
Shikamoo bibi. Kwa hiyo kila mteja nimsomee orodha ya programu kabla hajavua viatu?

Bi Mkunazini
Marahaba. Atakayeuliza mjibu ukweli. Huyu aliambiwa uongo hata kuuliza hajauliza.

Msafiri wa Köln
Naona wote mnaizunguka Dexed kwa sababu Dexed ni kesi rahisi. Nahodha, ulivyouliza nani ameibiwa, ulimpata mfano asiye na doa. Shida ni kwamba neno "bure" kwetu ni kapu moja. Kuna iliyotolewa bure na aliyeiandika. Kuna ya kulipia iliyovunjwa kufuli, na najua studio ambazo kila kitu kwenye skrini ni cha aina hiyo halafu mwenye studio analalamika nyimbo zake zinapakuliwa bila malipo. Hiyo sina muda nayo.

Kuna ya tatu, nayo ndiyo ningependa mnijibu. Kuna waandishi wa programu wanaojiita The Usual Suspects. Wao hawakuiga sauti ya sinthesaiza, waliiga chipu. Access Virus, sinthesaiza ya Ujerumani iliyoanza 1997, ndani yake ina chipu ya Motorola ya familia ya 56300. Hawa jamaa wameandika programu, Osirus, inayojifanya chipu hiyo. Wameitoa bure, na msimbo wake uko wazi. Lakini chipu bila maandishi ya ndani ni bubu. Ili ilie, unaipa programu ya ndani ya Virus yenyewe, ile waliyoiandika Wajerumani, na hiyo unatakiwa uitafute mwenyewe. Sauti inatoka kama mashine kwa sababu ndani ni mashine.

Hapo hataza haihusiki tena. Programu ni maandishi, ni hakimiliki, na hakimiliki haimaliziki kwa miaka ishirini kama hataza. Hata sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi inazozilinda. Je, Fundi angempigia mama kwa hiyo, bado hakuna aliyeibiwa?

Mtoto wa Manzese
Hiyo programu ya ndani inapatikana wapi mkuu? Nauliza tu.

Msafiri wa Köln
Mmeona?

Nahodha wa Nyali
😂 Manzese umeniharibia kesi kabla sijafungua mdomo.

Msafiri, Marekani jambo hili limeshafika mahakamani, japo kwa michezo ya video. Kampuni ya Connectix ilitengeneza programu ya kuchezesha michezo ya PlayStation kwenye kompyuta, Sony wakawashtaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema kuifungua programu ya Sony ili kujifunza inavyofanya kazi, kisha ukaandika ya kwako, si kosa. Kuiga chipu ni halali.

Msafiri wa Köln
Umejijibu mwenyewe: "kisha ukaandika ya kwako". Connectix hawakuwagawia wateja maandishi ya Sony. Wanaoandika Osirus nao hawagawi, wako makini. Anayekosa ni huyu aliyelala Manzese anayeipakua kutoka pasipojulikana huku hajawahi kumiliki Virus hata ya kuazima.

Nahodha wa Nyali
Umenibana kidogo, nakubali. Lakini nikurudishie swali. Virus haitengenezwi tena. Roland MT-32 ya 1987, iliyopigia muziki wa michezo mingi ya kompyuta enzi zile, ni kitu cha mnadani sasa. Ipo programu huria, Munt, inayoiiga, na yenyewe haitamki kitu bila maandishi ya ndani ya Roland. Mashine zinakufa: betri zinavuja, vitufe vinaoza, na huku pwani chumvi ya hewa haimsubiri mtu. Siku ya mwisho ikizimika, muziki ule tutausikilizia wapi? Wenye hakimiliki wameyakalia maandishi hayo, na wengine hawauzi kitu kinachotumia maandishi hayo. Mimi sisemi ni halali. Nasema sheria na haki hapa wamepishana njiani, hata salamu hawakupeana.

Msafiri wa Köln
Roland wanauza matoleo ya programu ya mashine zao za zamani, usiseme hawauzi. Na wakitaka kuilinda nyumba yao wanailinda. Programu ya ReBirth mnaikumbuka? Wasweden wa Propellerhead waliitoa 1997, ikaiga mashine za Roland, TB-303 ya besi na 808. Mwaka 2005 wakaacha kuiuza kwenye kompyuta, wakaigawa bure. Baadaye wakatoa ya iPad. Mwaka 2017 wakaiondoa, Roland walikuwa wamewaambia inagusa mali yao. Miaka ishirini baadaye! Anayejenga studio nzima juu ya bure ya mtu mwingine ajue anapanga, hajajenga.

Babu Kaseti
Na mashine je? Ya Fundi iko juu ya kabati.

Bi Mkunazini
Nimesoma yote, mengine sikuyaelewa. Niulize kimoja. Hiyo sauti ya kengele, kuna mtu aliyekaa akaitengeneza, au ilizaliwa na mashine?

Nahodha wa Nyali
Swali zuri, bibi, na hatukuligusa kabisa. Sauti za kiwandani za DX7, nyingi zilitengenezwa na Dave Bristow na Gary Leuenberger. Waliketi na kuzungusha namba moja baada ya nyingine mpaka piano ya umeme ikalia. Chowning alileta mbinu, hao wawili wakaleta masikio yao. Nyimbo za mapenzi za miaka ya themanini zimejaa vidole vyao, na wasikilizaji wengi hawajawahi kuwasikia majina.

Bi Mkunazini
Kama wapiga fidla wangu.

Fundi wa Chumbageni
Nimerudi, samahani kwa kimya. Nimeishusha DX7. Betri ilikuwa imelehemewa kwenye bodi, nimeing'oa nikafunga kishikio ili siku nyingine nisihangaike. Nikaunganisha kebo ya midi, ile ya kupitishia amri kati ya kompyuta na vinanda, nikazituma sauti kutoka Dexed kwenda kwenye mashine. Nusu saa nzima ikakataa, kumbe ulinzi wa kumbukumbu sikuuzima. Ilipokubali, kengele ya mama ikalia kwenye spika. Ilitoka kwenye programu ya bure ikarudi kwenye mashine yake, sijui Nahodha utaiitaje hiyo. Vile vitufe vitatu bado vimekufa, kwa hiyo naipigia kwa kibodi nyingine kupitia kebo hiyohiyo.

Nikarekodi upya kinanda cha wimbo mmoja, nikamwita mama na mjukuu wake wasikilize vyote viwili bila kuwaambia kipi ni kipi. Mjukuu akachagua Dexed, kwa kujiamini kabisa, akasema "hii ndiyo orijino." Mama akachagua mashine. Babu, alisema hiki "kina vumbi".

Nikadhani nimepona. Mama akaniambia ameipenda, nyimbo zote nne nizirudie hivyohivyo, na hela yake bado anaitaka, kwa sababu hela anaidai kwa lile "ipo". Bibi, mmeongea naye?

Bi Mkunazini
Simjui. Mlipe.

Fundi wa Chumbageni
Nimemlipa robo, na nimemwandikia risiti mpya: kinanda, Yamaha DX7, kimepigwa kwa kibodi nyingine. Akaisoma mara mbili.

Mtoto wa Manzese
Mkuu hizo sauti ulizotuma kwenye mashine, si ni faili la baiti elfu nne tu? Nirushie basi.